Mayai yamesamehewa, siagi bado iko rumande

Jumapili mama alinipigia simu akiwa na swali moja tu: "Hivi mwanangu, huko uliko mayai yameshasamehewa?"

Daktari alimkataza viini miaka mingi iliyopita kwa ajili ya lehemu, yaani kolesteroli. Akatii, kama anavyotii kila kitu chenye muhuri: ute akala yeye, viini wakala wajukuu. Sasa mdogo wangu kamtumia klipu ya bwana mwenye koti jeupe anayeapa kwamba uhai wote umo kwenye kiini. Nikamjibu kuwa ndiyo, kwa kiasi chake. Wamarekani waliambiwa kwa miongo kadhaa wasizidishe miligramu 300 za lehemu kwa siku, na kiini kimoja kina kama 186, yaani yai la pili tu lilishakutia hatiani. Mwongozo wao wa lishe wa 2015 ulikiondoa kile kikomo. Lehemu nyingi ya mwilini, kumbe, hutengenezwa na ini lenyewe.

Mama akanyamaza kidogo. "Na viini vyangu vyote nilivyogawa, nani atanirudishia?"

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja ughaibuni, na kama kuna kitu nilichodhani wenzetu wa huku wamekimaliza ni hili la mafuta. Nyumbani habari hizi hutufikia kwa simu, zikiwa zimepita mikono ishirini. Huku nilitegemea kukuta jibu. Nilichokuta ni ubishi uleule, ila umechapishwa vizuri kwenye lebo. Mwaka wangu wa kwanza nilikula mtindi usio na mafuta kila asubuhi, nikijiona mtu wa maana. Siku moja, nikisubiri basi, nikageuza kikopo na kusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Mafuta sifuri, kweli. Sukari gramu kumi na nane! Wametoa mafuta, ladha ikaondoka nayo, wakaweka sukari ili ladha irudi. Tangu siku hiyo nina swali moja ninalomuuliza kila anayenipa ushauri wa chakula: niache hiki, badala yake nile nini?

Maana ubishi wote huu, ukiuchunguza, umekwama hapo. Mwaka 1955 rais wa Marekani, Eisenhower, alipata mshtuko wa moyo, na nchi nzima ikaanza kuzungumzia mishipa ya damu. Ancel Keys, mtafiti wa Minnesota, akanyoosha kidole kwenye mafuta yanayoganda, yale ya siagi na nyama, na mwaka 1961 jarida la Time likamweka kwenye jalada. Jarida hilohilo lilichapisha mwaka 1984 jalada la mayai mawili na kipande cha nyama vilivyopangwa kama uso ulionuna, kisha mwaka 2014 likaweka siagi na kuwahimiza watu waile. Msomaji aliyeanza nalo akiwa kijana alizeeka akizungushwa.

Lakini Keys anasingiziwa mengi. Katika utafiti wake wa nchi saba, watu wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, walikula mafuta mengi kabisa, ya zeituni, na mioyo yao ilikuwa salama kuliko ya Wafini wa mashariki walioishi kwa siagi na maziwa. Mzee hakusema mafuta yote ni sumu. Waliosema hivyo ni waliokuja kuufupisha ujumbe ili utoshe kwenye pakiti.

Kinachoniuma ni majarini. Wale watiifu, akina mama wa dunia nzima walioacha siagi kwa kuogopa moyo, wakapewa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni, na ndani yake kulikuwa na mafuta ya transi, mabaya kwa moyo kuliko hiyo siagi waliyoikimbia. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003. Marekani ilichukua hadi 2018 marufuku yake ianze kufanya kazi. Na sukari nayo haikukaa kimya: mwaka 2016 ilifichuka kwamba wenye viwanda vya sukari waliwalipa watafiti wa Harvard waandike tathmini, ikachapishwa 1967, iliyoelekeza lawama kwenye mafuta na kuifunika sukari. Mtu akinieleza leo kwamba haamini tena wataalamu, simcheki.

Hata hivyo simfuati anakokwenda baada ya hapo. Wapo wanaosema mafuta ya mbegu, alizeti na soya, ndiyo sumu, turudi kwenye mafuta ya ng'ombe. Waziri wa afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., ni mmoja wao. Nyumbani nako kuna ndugu zangu wenye wimbo wao: wazee wetu walikula nazi na samli wakaishi miaka mia. Waliofika mia ndio tunaowasimulia. Waliodondoka wakiwa na hamsini tulisema wamerogwa. Mafuta ya nazi ni asilimia kama 82 mafuta yanayoganda, mafuta ya siagi kama 63, na yote mawili hupandisha ile lehemu mbaya, ya kuziba mishipa. Ukiyaweka ya mimea yasiyoganda mahali pake, lehemu hiyo hushuka. Hapo ushahidi ni mwingi na wa miaka mingi.

Ila kuna jambo ambalo sisi wahamiaji tunalijua kwa miili yetu, na tumeshafanywa vielelezo vyake. Watu wa Tokelau, visiwa vidogo vya Pasifiki, walipata zaidi ya nusu ya nguvu za chakula chao kutoka kwenye nazi. Lehemu yao ilikuwa juu kuliko ya jirani zao wa kisiwa cha Pukapuka waliokula nazi pungufu, lakini ugonjwa wa moyo ulikuwa haba kote kuwili. Baada ya kimbunga cha mwaka 1966 wengi walihamia New Zealand. Huko mafuta ya nazi yakapungua, ikaja sukari na nyama. Wakanenepa, presha ikapanda, kisukari na jongo vikaongezeka. Na Wajapani waliohamia California walichunguzwa vilevile: walioshikilia jamaa zao na mila za kwao walikuwa na ugonjwa wa moyo mchache kama wa waliobaki Japani, hata baada ya watafiti kuzingatia chakula, sigara na presha. Matokeo hayo ni ya 1976, na sijawahi kuyaona kwenye klipu yoyote.

Mimi nilipokuja huku nilipunguza mafuta. Nikaongeza kilo kumi na nne. Nyumbani nilikula chakula kinachong'aa kwa mafuta, lakini nilikula mara mbili kwa siku, nimekaa na watu, na kila mahali nilifika kwa miguu. Huku nakula peke yangu mbele ya kompyuta, mkono mmoja uko kwenye kipanya, na sijui nimeshiba saa ngapi. Mafuta ya zeituni ninayo, chupa ya kioo cheusi, mazuri tu. Hayajawahi kunipigia hodi jioni tukatembee. Na wa nyumbani wasijidanganye: siku hizi nao wamekaa mbele ya simu, na mafuta ya kukaangia yanarudiwa mpaka yawe rangi ya kahawa.

Nilimweleza mama haya yote, nikasikia sufuria inafunikuliwa. Alikuwa anachemsha yai muda wote huo.

"Na siagi je?"

"Bado iko rumande, mama."

"Haya. Ikipata dhamana unijulishe."