Baiskeli ya mabeberu kumi

Nilifika Pittsburgh na Kiingereza cha kamusi, tena kamusi ile nzito ya kuulia panya. Humo buck ni dume la mnyama: kulungu, sungura, mbuzi. Mimi ni Mgogo, nikashika mbuzi.

Wiki ya pili nikaona baiskeli kuukuu uani kwa mzee jirani, ina kibao cha kuuzwa. Nikauliza bei.

"Ten bucks."

Mabeberu kumi! Kwetu Dodoma mbuzi kumi wanafungua mazungumzo ya posa, na hii baiskeli hata kengele haina. Nikahisi mzee kaniona Mwafrika, akadhani nimeshuka kwenye ndege na zizi. Nikamweleza kwa adabu kwamba mifugo iko kwa baba, na kuivusha bahari si mchezo. Akanikodolea macho. Nikasema basi wawili, tena anisubiri. Akazidi kunikodolea. Nikaondoka nimenuna.

Mwenzangu wa chumba, kijana wa Mombasa, alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Yakhe, buck ni dola!"

Kwa bahati mbaya jamaa anasoma historia, kwa hiyo usiku ule sikulala. Kumbe zamani ngozi ya kulungu dume ndiyo iliyokuwa pesa kati ya wenyeji wa asili na wachuuzi wa Kizungu. Mwaka 1748 Conrad Weiser, mjumbe wa Pennsylvania, alifika Logstown, kijiji kilichokuwa kando ya Mto Ohio, chini kidogo ya hapo hapo nilipokuwa nikinuna. Akawaahidi wenyeji kwamba kila pipa la wiski watauziwa kwa buck 5. Ngozi tano, yaani. Dola ya Marekani ikaja kuwekwa kisheria mwaka 1792, na kufika katikati ya karne ya 19 watu walikuwa wakiiita buck. Kulungu kaenda zake, jina kaliacha.

Kwa hesabu zangu, sikukosea bei. Nilichelewa miaka mia mbili na ushee, na nikakosea mnyama.

Asubuhi nikarudi na noti ya dola 10, macho chini. Baiskeli ilikuwepo. Kibao ndicho kilichobadilishwa, kimeandikwa upya kwa kalamu nene: DOLA 10. MBUZI HATUPOKEI.