Mwezi wa Arobaini na Saba

Jamani, mimi nilisomea kompyuta, sikusomea uganga. Lakini ami yangu mwenye mashua hapa Lamu alipopata habari, basi. "Nifanyie kitu cha kutoa risiti, abiria wa Shela wanipunguzie maneno." Malipo yangu? Mahamri kwa mbaazi, na dua.

Nikakifanya, kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Pa tarehe nikaandika dd/mm/yyyy. Siku, mwezi, mwaka. Hapo pana kosa gani?

Tarehe 28 Desemba 2024, saa nne na dakika 47 asubuhi, mzee mmoja wa Langoni kalipa nauli. Risiti ikatoka: 28/47/2024. Mzee akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, akanitazama mimi. "Mwanangu, Rajabu naijua, Shaabani naijua, mifungo yote naijua. Huu wa arobaini na saba huandama lini?"

Baraza zima likanigeukia. Tangu siku hiyo nikipita Mkomani naulizwa kama mwezi umeonekana.

Kumbe m ndogo ni dakika! Mwezi ni M kubwa. Na wenyewe waliozitunga lugha hizi hawakukubaliana: nenda kwenye Python, lugha nyingine ya programu, %m ndogo ndiyo mwezi, %M kubwa ndiyo dakika. Watu wazima hao, wana mishahara.

Kwa hasira nikazifanya kubwa zote: DD/MM/YYYY. Tarehe 30 ikatoka risiti ya 365/12/2025. D kubwa, bwana, huhesabu siku tangu mwaka uanze. Y kubwa ni mwaka wa wiki, na wiki ile ilikuwa na Januari ndani yake, ikahesabiwa ya mwaka ujao. Ami akaisoma polepole. "Siku ya mia tatu sitini na tano ya mwezi wa Desemba, mwaka haujafika. Sasa hapa nimelipwa, au nitalipwa?"

Nikapatia mwisho: dd/MM/yyyy. Furaha ya siku sita! Nilipopanga daftari, safari ya 05/01/2025 ikakaa juu ya ile ya 30/12/2024, maana kwa kompyuta hayo ni maandishi tu, na sifuri huitangulia tatu. Dawa ipo tangu 1988, yaitwa ISO 8601: mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, maandishi yajipange yenyewe. Ami hataki kuisikia. "Mwaka naujua. Mtu huulizwa siku!"

Nikamwekea na jina la siku, nipumue. Alhamisi saa moja usiku kamkatia mtu risiti, kisha akaja nayo mpaka mlangoni kwangu, kanzu kaishika mkononi.

"Magharibi nishaswali. Huu ni usiku wa Ijumaa. Mbona waniandikia Alhamisi?"

Nimefungua kompyuta tena. Na mahamri leo hakuleta.