Dean Winchester na Hukumu ya Amy Pond

Katika misimu 15 ya Supernatural, tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 2005 na kumalizika mwaka 2020, ndugu wawili wawindaji wa mazimwi, Dean na Sam Winchester, wanawaua viumbe wengi kiasi kwamba mtazamaji huacha kuhesabu. Kifo cha Amy Pond, katika kipindi cha 3 cha msimu wa 7 kiitwacho "The Girl Next Door", kilichorushwa Oktoba 2011, ni miongoni mwa vifo vichache ambavyo wapenzi wa tamthilia hiyo hawajaacha kubishania, nami naona wana sababu ya kubishana.

Amy ni kitsune, kiumbe aliyechukuliwa kutoka simulizi za Kijapani kuhusu mbweha wanaojigeuza wanadamu, ingawa katika tamthilia hii huishi kwa kula tezi ya pituitari iliyomo ndani ya kichwa cha mtu. Utotoni alikuwa rafiki wa Sam, na mama yake alipotaka kumuua Sam, Amy alimuua mama huyo ili kumwokoa. Ukubwani alipata kazi ya kuandaa maiti kwa mazishi, akawa anajilisha yeye na mwanawe Jacob kutoka kwa waliokwisha kufa. Kisha Jacob akaugua, akahitaji chakula kibichi, na Amy akaua watu kadhaa mpaka mtoto akapona. Sam anamfuatilia, anamsikiliza, anamwachia. Dean anamwambia mdogo wake kwamba amekubali, halafu anamfuata Amy kwa siri na kumchoma kisu.

Hoja ya Dean haistahili kubezwa. Watu walikufa, na waandishi wamewachora waliouawa kama wahalifu, jambo linalomrahisishia mtazamaji kuwasahau, ilhali mwindaji aliyeapa kuwalinda wanadamu hana ruhusa ya kuchagua ni wanadamu gani. Aidha, ahadi ya Amy kwamba hataua tena ilitegemea afya ya mtoto. Jacob akiugua mara ya pili, hakuna mzazi ambaye angekaa akimtazama mwanawe akifa. Wala Sam hakuwa hakimu asiyeegemea upande, kwa kuwa alikuwa na deni la uhai wake mwenyewe. Vipindi vichache baadaye, ukweli ulipofichuka, Sam mwenyewe alikiri kwamba kama Amy angekuwa zimwi lingine lolote, hana hakika kuwa angemwacha aende zake.

Kwa upande wa pili, Sam anaona jambo ambalo Dean hataki kuliona: kwamba Amy alikuwa ameishi kwa miaka akiizuia njaa yake, kwa kazi na kwa nidhamu, jambo ambalo ndugu hao walikwisha kulikubali kwa wengine. Katika msimu wa 2, Dean mwenyewe alimlinda Lenore, mnyonya damu aliyeishi kwa damu ya ng'ombe, dhidi ya mwindaji Gordon Walker. Tofauti iliyopo, na ni kubwa, ni kwamba wakati huo Lenore hakuwa ameirudia njia ya zamani. Hata hivyo, Sam naye aliwahi kunywa damu ya pepo na kusababisha balaa lililozidi mbali lile la Amy, na kaka yake akamsamehe.

Kwangu mimi, uzito wa kipindi hiki umo katika dakika ile ya mwisho chumbani. Dean anamwambia Amy kwamba kiumbe hubaki kuwa kile alicho hata ajitahidi vipi, na kwamba ataua tena. Hiyo ni imani ileile ya wahenga wetu waliposema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini mtoto wa nyoka anaingia, anamwona mama yake amekufa, na Dean anamuuliza kama amewahi kuua mtu. Jacob anajibu kwamba hajaua, na Dean anamwacha hai, akimwonya kwamba akianza kuua atarudi kumtafuta. Katika chumba kimoja zimetumika sheria mbili: mama kahukumiwa kwa asili yake, mtoto kwa matendo yake. Kama Dean angemuua Amy kwa sababu ya watu aliowaua, ningeona ukali wake lakini ningeikubali hukumu. Alichagua sababu ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuishikilia hata kwa dakika moja.

Ndiyo maana siamini kwamba alificha jambo hilo kwa ajili tu ya kumkinga Sam, ambaye kweli wakati huo alikuwa akisumbuliwa na maono ya Lusifa. Katika kipindi kilichofuata, Osiris, mungu wa wafu wa Misri ya kale, anapomweka Dean kizimbani, shahidi wa mwisho angekuwa Amy, na Dean anaona heri ahukumiwe kuliko ushahidi huo usikike mbele ya mdogo wake. Msimu uliofuata, Dean huyohuyo anamtetea Benny, mnyonya damu, kwa hoja zilezile ambazo Sam alizitoa kwa ajili ya Amy.

Udhaifu ninaoulaumu kwa waandishi ni huu: Jacob aliapa kwamba atamuua mtu mmoja tu, naye ni Dean, na tamthilia ilifika tamati bila kumrudisha. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kumuuliza Dean kwa nini mama yake hakupewa onyo alilopewa yeye.