Bandama ikifura: matundu ama kupasua tumbo?

Siku hizi hapa Nairobi mtu akiambiwa bandama lazima itoke, familia inauliza kwanza kama ni ile operesheni ya matundu madogo, kamera ikiingizwa tumboni, ama tumbo litapasuliwa. Wana haki ya kuuliza, lakini naona tunalipa hilo swali uzito mwingi tukiacha mengine mazito zaidi.

Matundu yana uzuri wake. Mtu wa Gikomba anayebeba marobota ya mitumba hawezi kukaa nyumbani miezi akingoja mshono mrefu ushike, ataharakisha kurudi kazini na apate henia. Kwa matundu manne hivi uchungu ni mdogo, anapumua vizuri, siku chache ako nyumbani. Na kama shida ni ITP, ule ugonjwa kinga ya mwili inaharibu plateleti, zile chembe za kugandisha damu, bandama kawaida haijafura, ni ya saizi ya kawaida kama gramu 150, hapo sioni ubishi, bora tu daktari awe amezoea na atafute vile vibandama vya ziada ambavyo watu wengine huzaliwa navyo, akiviacha ugonjwa unaweza kurudi.

Kazi iko kwa ile iliyofura. Ikishapita sentimita 20 kamera inakosa nafasi, mishipa ni minene, damu ikianza kumwagika ni ngumu kuizuia, na bado haijatoka: inatiwa kwenye mfuko humo humo tumboni, inapondwa, inavutwa vipande vipande kupitia tundu. Kama kuna shaka ya limfoma, saratani ya chembe za kinga, maabara wangetaka kuiona nzima, sio ikiwa uji. Mfuko ukipasuka vipande vinaweza kuota tumboni. Ndio maana daktari anaweza kuongeza nafasi ya kuingiza mkono ama kufungua kabisa, na akifungua hajashindwa kazi.

Kuna wengine hata hawahitaji operesheni. Bandama iliyofura kwa lukemia ya CML, aina ya saratani ya damu, mara nyingi hurudi chini kwa vidonge kama imatinib. Lakini mtoto wa siko seli ambaye bandama yake inafyonza damu ghafla, tena na tena, huyo kuitoa kunaweza kumwokoa.

Kinachoniumiza zaidi ni chanjo. Bandama husaidia mwili kupigana na bakteria, kwa hivyo chanjo za bakteria wa nimokokasi, meninjokokasi na Hib zinafaa kudungwa angalau wiki 2 kabla ya operesheni, na Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya nimokokasi 2011, kwa hivyo watu wazima wengi hawajawahi kuipata na lazima waulizie. Sasa huyu wa matundu amepona haraka, kovu halionekani, Disemba anapanda basi kwenda ushago Busia bila neti wala dawa ya kukinga malaria, homa inamshika usiku, anameza Panadol alale. Bila bandama, homa ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na boda ni ya kuamsha jirani.