Modi za kiwandani hazimjui bibi harusi wetu

Nina video moja ya send-off ambayo simwonyeshi mtu. Bibi harusi anaingia ukumbini, wapambe wanacheza mbele yake, mashangazi wanapiga vigelegele, na ukutani nyuma yao mistari myeusi inapanda taratibu kama maji. Niliona wapambe wana kasi, nikaiweka kamera kwenye modi ya michezo. Modi ikafanya kazi yake, ikapandisha shata, yaani ikafupisha muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Taa za ukumbi nazo zikafanya yao.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutumia hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukirekodi kwa shata ya 1/50 au 1/100, kila fremu inapata mwanga sawa na picha inatulia. Ukienda 1/250, mistari umeiita mwenyewe. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani mara nyingi huja na mpangilio wa NTSC, wa nchi za umeme wa hezi 60, fremu 30 au 60 kwa sekunde. Ihamishie PAL kwanza, mpangilio wa umeme kama wetu, upate 25, 50 na 100, ndipo uanze kupanga modi zako.

Ila kinachoniudhi zaidi ni sura. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kitatoa kijivu cha kati. Sasa mweke dada mweusi ndani ya shela jeupe. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, shela linatoka na kila kishanga chake, uso unazama. Mama mzazi akikaa kuangalia ile video hatazami vishanga. Hata mistari ya zebra, ile milia inayotokea kwenye skrini palipofikia kiwango cha mwanga ulichokiweka, tunayoambiwa tuiweke asilimia 70 kwa ajili ya ngozi, ilikisiwa kwa ngozi nyeupe. Mimi naiweka 50. Ikianza kugusa paji la uso na mfupa wa shavu, naacha hapo.

Wapo wenzangu wanaosema modi za kujipangia, zile unazohifadhi mipangilio yako mwenyewe na kuziita kwa kitufe kimoja, ni za wavivu, kwamba fundi wa kweli anabadilisha kila kitu kwa mkono. Sawa. MC akishasema "simameni, maharusi wanaingia", nani atakusubiri uzame kwenye menyu?

Kwenye Canon modi hizo ni C1, C2 na C3. Sony nyingi zina namba tu. C1 yangu ni ya nje, haina maneno mengi: fremu 25, shata 1/50, Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 5600, na kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. C2 ndiyo ya ukumbini, na ndiyo niliyohangaika nayo. Shata haitoki 1/50. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naianzia 1600. Rangi ya mwanga naifunga kwa Kelvin, kwa sababu ukiiacha otomatiki, taa za zambarau za DJ zikipita, kamera inajaribu kuzisahihisha na bwana harusi anageuka kijani katikati ya kiapo. C3 ni ya slomo, mwendo wa polepole, fremu 100. Kanuni ya kuweka shata mara mbili ya fremu ingenipa 1/200. Chini ya taa za ukumbi naivunja, nabaki 1/100.

Na lile chaguo la kamera kujihifadhia mabadiliko yenyewe, lizime. Saa tano usiku utapandisha ISO kwa ajili ya kukata keki gizani, utasahau, na wiki ijayo C2 itakufungukia na chenga tupu.

Kelvin ya C2 haikai sawa kumbi zote, kwa hiyo nafika kabla ya wageni, namwomba fundi wa taa awashe zote, kisha namsimamisha mhudumu yeyote mlangoni kwa dakika moja. Karibu kila mara ananiuliza kama anatoka vizuri. Naangalia paji lake la uso kwanza, ndipo namjibu.