Medali kwa filamu, si kwa steringi: tuzo za taifa za India, 1954

Muulize mpenzi wa sinema filamu bora ya Kihindi ya mwaka 1953 na huenda akakutajia Do Bigha Zamin. Hajakosea. Lakini Rais Rajendra Prasad alipotoa tuzo za kwanza za filamu za taifa, tarehe 10 Oktoba 1954, kazi hiyo ya Bimal Roy iliambulia cheti cha sifa tu. Medali ya dhahabu ya Rais ilichukuliwa na Shyamchi Aai, filamu ya Kimarathi ya P. K. Atre, ambayo wengi wetu huku pwani hata jina lake hatulijui. Sisi India tuliijua kwa Kihindi na kwa nyimbo zake.

Wapo wanaosema waamuzi walichemsha. Kwangu mimi, kuipa medali ya taifa zima filamu ya lugha isiyokuwa na soko la nchi nzima ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyofanyika siku ile. Kilichokuwa na kasoro ni kipimo walichotumia.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pesa za magendo ziliingia kwenye filamu kwa wingi. Studio kubwa zilizokuwa zikiwalipa waigizaji mshahara wa mwezi zikaanza kufa, na wenye fedha za haraka wakawa wanamkodi nyota mmoja kwa dau nono, kisha filamu nzima inajengwa juu ya uso wake. Mwaka 1949 serikali iliunda kamati chini ya S. K. Patil kuichunguza tasnia hiyo, na ripoti ikatoka 1951. Miongoni mwa malalamiko yaliyomo ni mzigo wa kodi ya burudani. Dola ilikuwa hodari wa kukata kodi na kukata vipande vya filamu, ila kutoa kitu ilikuwa bado.

Tuzo zilipokuja, zilihusu filamu yenyewe. Mwigizaji bora hakuwepo, wala mwimbaji bora. Kulikuwa na filamu ya hadithi, filamu ya kumbukumbu, yaani ya mambo halisi (hapo dhahabu ilikwenda kwa Mahabalipuram) na vyeti vya sifa. Zilizoshindana ni zile zilizopata hati ya bodi ya ukaguzi kati ya Januari na Desemba 1953. Kanuni hii inaonekana ya kikarani, lakini ina akili. Nakala za filamu zilikuwa chache, zikianzia miji mikubwa na kufika miji midogo miezi kadhaa baadaye. Ukifuata tarehe ya kuoneshwa, mtabishana mpaka kesho ni ya mwaka gani. Hati ina tarehe moja tu.

Linganisha na tuzo za jarida la Filmfare, zilizotolewa Bombay tarehe 21 Machi mwaka huohuo kwa kura za wasomaji. Zilikuwa tano: filamu, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na mtunzi wa muziki. Do Bigha Zamin ikabeba mbili za kwanza, Dilip Kumar na Meena Kumari wakapata zao, Naushad akapata ya muziki. Ni tuzo halali, ila ni tuzo za sokoni.

Sasa kasoro. Kipimo cha serikali kilichanganya ubora wa sanaa na thamani ya elimu na utamaduni, na mizani ikalalia upande wa mafunzo. Shyamchi Aai ni mama anayemfunza mwanawe maadili. Bhagavan Sri Krishna Chaitanya, iliyopata cheti, ni maisha ya mtakatifu. Mahabalipuram ni mahekalu ya mawe. Katikati ya hizo yupo mkulima wa Bimal Roy, anayedhani anadaiwa rupia 65 na kukuta daftari la mwenye ardhi linasema 235, akaishia kuvuta riksho Calcutta. Filamu hiyo haimfundishi mtu adabu, inamwonesha hesabu. Kamati ya tuzo yenye neno "elimu" kwenye kanuni zake ilikuwa na kazi ngumu kuipa nafasi ya juu.

Kwa filamu za 1954 ziliongezwa medali za fedha kwa kila lugha, na Neelakuyil ya Kimalayalam, inayogusa unyanyapaa wa tabaka bila kuremba, ikapata yake. Kwa mwaka uliofuata dhahabu ilikwenda kwa Pather Panchali ya Kibengali. Huo ndio mlango uliofunguliwa na Shyamchi Aai.

Tuzo za waigizaji zilianza na filamu za mwaka 1967. Nargis, ambaye pwani haihitaji kuelezwa ni nani, alipewa kwa Raat Aur Din. Uttam Kumar, nyota wa filamu za Kibengali, alipewa kwa filamu mbili kwa pamoja, Antony Firingee na Chiriyakhana. Tuzo moja, filamu mbili: hapo waamuzi walikuwa wameshaacha kuitazama filamu, wanamtazama mtu.