Nyumba ya matofali ya zamani Lubumbashi: kulala ndani yake au kuifungulia biashara?

Tangazo ni fupi: nyumba ya matofali ya wakati wa Wabelgiji, imekarabatiwa yote, lupango (yaani kiwanja chenye uzio) kubwa, katikati ya mji wa Lubumbashi, inafaa kwa makazi au biashara. Matangazo ya namna hiyo makomisioneri, yaani madalali wa nyumba, wanayazungusha kwenye simu kila wakati. Wengi wetu tunakimbilia bei ya dola na hesabu ya vyumba. Mimi jicho langu linabaki kwenye lile neno "au", maana linaamua mengi kuliko rangi mpya ya madirisha.

Mji huu ulianza 1910, mwaka reli ilipofika kutoka kusini, na 1911 tanuru la Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, likawa linayeyusha shaba. Udongo wa kujengea ulikuwa hapa hapa. Vichuguu vya Katanga vinapanda hata kupita paa la nyumba, na udongo wake ukifinyangwa na kuchomwa unatoa tofali gumu, jekundu. Ndiyo maana nyumba za zamani za katikati ya mji zina kuta nene, dari ya juu na baraza pana. Baraza ile ina kazi: inazuia mvua za Novemba hadi Machi zisipige ukuta, na inakinga vyumba na jua. Ukuta mnene nao, mwezi wa sita baridi inapouma, unatunza joto la mchana mpaka usiku.

Wako wanaosema nyumba hizo ni za mkoloni, ziachwe zianguke. Nawaelewa. Waliozijenga hawakuzilalia; jioni walirudi upande wa Kamalondo, mtaa waliotengewa Waafrika. Lakini mikono iliyokanda udongo ule ni ya babu zetu, na kwangu hiyo ni sababu ya kuzitunza.

Sasa biashara. Kukarabati nyumba ya umri huo ni mzigo: mbao za paa zimeliwa na mchwa, nyaya za umeme hazifai tena, mabomba yameoza kwa kutu. Familia inayoishi kwa mshahara mmoja haiwezi. Ofisi, kliniki au mgahawa unaweza, kwa sababu kodi ya pango anayolipa mfanyabiashara inamrudishia mwenye nyumba pesa aliyoitoa. Bila mpangaji wa aina hiyo, nyumba inauzwa kwa ajili ya kiwanja tu, na baada ya miezi michache pamesimama gorofa ya bloki za saruji. Hoja hiyo ni nzito, na wapenzi wa nyumba za zamani tunaipita haraka mno.

Shida ni kile biashara inachofanya ikishaingia. Baraza inafungwa kwa vioo ili kupata chumba kimoja zaidi. Mwembe unakatwa, lupango lote linapigwa saruji kwa ajili ya magari, na maji ya mvua yanaishia barabarani kwa jirani. Usiku anabaki sentineri, yaani mlinzi, peke yake. Kibaya kuliko vyote ni plasta ya saruji juu ya matofali. Nyumba nyingi za enzi ile matofali yake yameunganishwa kwa chokaa au udongo, bila kizuizi cha unyevu chini ya ukuta. Maji yanapanda kutoka ardhini na kutokea kwenye uso wa tofali. Ukiuziba uso kwa saruji, unyevu unatafuta njia upande wa ndani. Rangi inabambuka, na tofali linaanza kumeguka kama biskuti iliyolowa. Mwenye nyumba analaumu uzee wa ukuta, na ukuta ulikuwa mzima kabla ya fundi kufika.

Sheria nayo haiko upande mmoja. Ukipanga kwa kulala, sheria ya Desemba 2015 inasema garanti, ile dhamana unayomwachia mwenye nyumba, isizidi kodi ya miezi 3. Ukipanga kwa biashara, unaingia chini ya sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambayo Kongo ni mwanachama wake tangu 2012: ukifanya kazi hiyo mahali hapo angalau miaka 2, una haki ya kuomba mkataba uendelee, na mwenye nyumba akikataa anakulipa fidia. Hapo mpangaji analindwa vizuri. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mwenye nyumba kukataa bila fidia akionyesha kwamba anataka kubomoa na kujenga upya. Mnaona hatari? Kwa mwenye nyumba, kubomoa kunakuwa njia rahisi ya kumtoa mpangaji, na nyumba yenyewe ndiyo inayolipa deni.

Mimi nasimama upande wa matumizi mawili kwa pamoja: mbele biashara tulivu, kama ofisi ya wakili au duka la vitabu, na nyuma watu wanaolala, wanaopika, wanaosikia paa likivuja usiku ule ule. Mkataba uwe wa miaka mingi, uandike bayana kila sehemu ni ya nini, ukataze saruji juu ya matofali, na baraza ibaki wazi. Kodi itapungua kidogo kuliko ya ofisi tupu. Naona ni bei ya haki.

Kabla ya hayo yote, atakayenunua au kupanga aombe kuona cheti cha usajili, ile sertifika. Ardhi ni mali ya taifa, sheria ya Julai 1973 ilithibitisha hivyo; mtu anashikilia haki ya kuitumia tu. Tena mwishoni mwa mwaka ule ule zairianisation ilichukua mali za wageni na kuzigawa, nyingine zikarudishwa baadaye, nyingine hapana. Nyumba ya katikati ya mji inaweza kuwa na warithi wawili ambao hawajawahi kuonana, kila mmoja na karatasi yake, na ukarabati mzuri ndio unaowaamsha wote.